Mama yuko kwenye methadoni, mtoto anaanza arosto siku ya pili: wodi zetu zimejiandaaje?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mkunga, niko Dar es Salaam, kazi yangu ni wodi ya wazazi. Naomba tuzungumze kuhusu akina mama wanaokuja kujifungua wakiwa wanatumia unga (heroini), au walishaachana nao na sasa wanakunywa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Mtaani wanaitwa mateja na habari inaishia hapo. Kwetu haiwezi kuishia hapo, kwa sababu tunapokea roho mbili.

Nitoe kisa kimoja nilichokishuhudia. Hospitali siitaji. Binti aliletwa na bajaji usiku, uchungu umeshakolea. Kadi ya kliniki ilikuwa na hudhurio moja tu. Akajifungua salama, mtoto analia vizuri, uzito wake si mbaya. Alfajiri binti akajifunga khanga, akatoka kimyakimya. Alirudi saa sita mchana, jasho linamtoka, akakuta faili limeandikwa "ametoroka" na mtoto amehamishiwa chumba cha watoto wachanga. Alikuwa amekwenda kunywa methadoni. Kwa kawaida dozi hunywewa mbele ya mtoa dawa, kila siku, na dirisha lina saa zake. Ukichelewa, siku imekupita. Hakumwambia mtu kwa sababu leba alishasikia maneno, na kila mwanamke wa Kiswahili anajua maneno ya leba yanavyokata.

Siku ya pili mtoto akabadilika. Kilio chembamba cha juu kisichonyamaza, mikono inatetemeka ukimgusa tu, chafya mfululizo, miayo, ananyonya kwa pupa halafu anatema, kinyesi maji matupu mpaka makalio yakachubuka. Akahisiwa ana maambukizi ya damu, akaanzishiwa sindano za antibayotiki. Mama anachungulia mlangoni anaambiwa asubiri muda wa kunyonyesha.

Aliyefumbua fumbo ni nesi mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi kliniki ya methadoni. Alivuta pazia, akakaa kitandani kwa binti, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, dawa unakunywa wapi?" Binti akalia, kisha akaeleza kila kitu, mpaka kiasi cha dozi. Jioni hiyo mtoto akarudishwa kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakahamishiwa kona isiyo na kelele, taa ikazimwa upande wao. Vipimo vya damu havikuonyesha maambukizi; ilikuwa arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea. Hakuhitaji dawa ya arosto kabisa. Walitoka baada ya siku sita, wote wawili kwa pamoja.

Sasa hoja yangu. Tanzania tuna methadoni tangu Februari 2011 pale Muhimbili, na wakati ule hakuna nchi nyingine ya bara ukanda huu iliyokuwa inaitoa kupitia hospitali ya serikali. Mwananyamala ikafuata 2012, Temeke 2014, Kidongo Chekundu Zanzibar 2015, baadaye Mbeya, Mwanza na Dodoma. Ni huduma ya bure. Lakini ukikaa pale dirishani asubuhi utaona foleni ya wanaume, wanawake wa kuhesabu. Na hata hao wachache, wakibeba mimba, kliniki ya methadoni na kliniki ya wajawazito hazisemezani. Kila moja ina faili lake, na mama ndiye anayetakiwa kuwa tarishi kati ya sehemu mbili, akiwa na tumbo na aibu yake.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2014. Unasema mama mwenye uraibu wa heroini ashauriwe kuanza au kuendelea na methadoni au buprenofini (dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo), na si kulazimishwa kuacha ghafla akiwa mjamzito. Wengi wetu tunadhani kuacha kabisa ndiyo heri kwa mtoto. Anayekatishwa ghafla, mwili wake unaingia kwenye msukosuko, mimba yenyewe inayumba, na wengi hurudi kijiweni baada ya siku chache, safari hii kwa kete ya unga isiyojulikana imechanganywa na nini. Methadoni inamweka sawa saa 24, anakula, analala, anahudhuria kliniki.

Kuna jambo lingine ambalo wajawazito wenyewe hawaambiwi. Miezi mitatu ya mwisho mwili huivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyokuwa inamtosha inaanza kuisha usiku, arosto inampiga saa nane za usiku. Wengi hudhani ni uraibu umerudi, wanaona haya, wanajikaza au wanaongezea kete. Jibu ni kumwambia daktari wa methadoni apandishe dozi, au aigawe mara mbili kwa siku. Dozi kubwa ya mama haimaanishi arosto kali ya mtoto.

Ninachokiomba ni wodi zetu ziwe na utaratibu ulioandikwa, na mzizi wake uwe mmoja: mama na mtoto wasitenganishwe. Mengine nitayajibu humu humu. Karibuni.

#2

Mkuu, kwa heshima zote. Mama yangu ana presha, dawa ananunua kwa fedha yake. Hawa wanaoharibu watoto tumboni kwa hiari yao wanapewa methadoni bure, na sasa mnataka wapewe na kona tulivu? Kwa nini asiitwe polisi pale pale, mtoto achukuliwe na ustawi wa jamii alelewe na watu wenye akili timamu? Mimi nina uchungu na mtoto, siyo na mama.

#3 Mleta uzi

Kaka, kuhusu dawa za mama yako uko sahihi, na anastahili apate. Ila tukae kwenye uchungu wako kwa mtoto, maana na mimi ni huo huo.

Njia unayoisema imeshajaribiwa. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2014 ya kumshtaki mama ambaye mtoto wake amezaliwa ameathirika na dawa za kulevya. Wanawake wakaanza kukwepa kliniki, wengine wakavuka kwenda kujifungulia majimbo mengine. Mwaka 2016 sheria ikaachwa ife. Kabla ya hapo, huko Charleston, South Carolina, hospitali ilikuwa inapima mkojo wa wajawazito bila ridhaa yao na kuwapelekea polisi majibu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2001 ikaamuliwa kwamba kufanya hivyo ni kinyume cha katiba.

Huku kwetu hata polisi hawahitajiki kumkimbiza mama. Karipio moja mapokezi linatosha. Akikimbia, hapimwi VVU, hapimwi kaswende wala homa ya ini, hapewi vidonge vya kuongeza damu, anazalia chumbani kwa shoga yake. Mtoto unayemlilia anaingia arosto siku ya pili kwenye chumba ambacho hakuna anayejua kinachoendelea. Kuna watoto ambao mazingira ya nyumbani ni ya hatari kweli, na afisa ustawi wa jamii lazima awepo. Mimi nataka awepo tangu mimba ina miezi mitano, amfahamu bibi wa mtoto, ajue mama analala wapi, ajue kama bwana naye anatumia. Siyo aitwe siku ya kuruhusiwa kuja kuchukua mtoto kutoka mikononi.

#4

Shukran mleta uzi. Mimi niko Mombasa, nafanya kazi ya kufuatilia watu mitaani, na naona akina dada hao kwa macho. Huku Kenya methadoni ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, Malindi ikafuata 2015, kisha Mombasa yenyewe. Yote uliyosema tunayaona, ila niongeze mambo mawili.

La kwanza ni kifua kikuu. Dada akianzishiwa dawa za TB, ile rifampisini inashusha methadoni mwilini vibaya sana. Ndani ya wiki moja hivi anaanza kutapika na kuumwa mifupa, na watu wanadhani ni mimba au ni madhara ya vidonge. Wengine huacha dawa za TB kimya, na hilo ni balaa kwake na kwa mtoto. Daktari wa TB na wa methadoni lazima waongee kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Zamani hata ARV za efavirenzi zilileta shida hiyo. Tangu watu wahamishiwe dolutegravi kumekuwa na afadhali.

La pili ni swali. Huku kwetu wasichana wanatafuna muguka na miraa hata wakiwa na mimba, na wala hawaoni kama ni dawa za kulevya. Mwaka 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mambo yakaishia mahakamani. Je, hao nao mna dawa ya kuwapa kama methadoni?

#5 Mleta uzi

Ahsante sana kwa hilo la TB, nalichukua kama lilivyo.

Muguka na miraa hazina dawa mbadala. Hata bangi na kokeini hazina. Mwongozo wa 2014 unasema wazi wajawazito wanaotumia bangi au kokeini wasipewe dawa za kuziba pengo kama utaratibu wa kawaida. Tiba ni mazungumzo, kufuatiliwa, na kumsaidia apunguze mpaka aache. Tafiti za Yemeni na Ethiopia, ambako watu hutafuna sana, zimehusisha kutafuna ukiwa mjamzito na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Inaeleweka, maana mirungi (miraa) inaua hamu ya kula na inabana mishipa.

Na pombe, jamani. Tunaogopa unga tukasahau gongo na pombe nyingine za kienyeji. Kwa mtoto tumboni pombe ina madhara mabaya kuliko heroini, kwa maana heroini humpa arosto inayopita, pombe huweza kumharibu ubongo moja kwa moja. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana swali la pombe linatakiwa kuulizwa kwa kila mjamzito, kila hudhurio, awe mke wa shehe au wa mchungaji, kwa sauti ile ile tunayoulizia kama mtoto anacheza. Tukiwauliza wale tu "wanaofanania", tutawakosa wengi na tutawadhalilisha wachache.

#6

Assalaam aleikum. Mie ni mwanamke wa Unguja, na hayo yamenipata mwenyewe, basi nieleze.

Nilitumia miaka mingi. Nilipoanza methadoni nikashika mimba bila kujua, maana nilipokuwa natumia siku zangu zilikuwa hazieleweki, nikadhani sizai tena. Hilo wanawake waambiwe mapema: ukianza methadoni mwili unarudi, na mimba inaweza kuingia.

Nilifanyiwa upasuaji. Baada ya ganzi kuisha niliumwa maumivu ambayo sijayaona. Kila nikiomba dawa naambiwa "wewe si umeshakunywa dawa yako kali asubuhi, itakutosha", napewa panadoli mbili. Mwenzangu wa kitanda cha pili, upasuaji ule ule, kachomwa sindano na kalala. Usiku ule nilifikiria kushuka ngazi nikatafute kete, wallahi. Kilichonizuia ni mwanangu kuwa ubavuni. Angekuwa chumba kingine ningeshuka.

Sikuwa nataka huruma ya mtu. Nilitaka nitibiwe kidonda.

#7

Dada wa #6, pole sana, na ahsante kwa kusema. Mimi ni daktari wa watoto. Niongeze ya kitaalamu kidogo, mleta uzi aniwie radhi kama nitakuwa mrefu.

Hilo la maumivu ni kosa la kitabibu. Methadoni ya kila siku inashikilia uraibu usiamke, haiondoi maumivu ya kisu. Mgonjwa huyo anahitaji dozi yake kama kawaida, na juu yake dawa za maumivu kama mgonjwa mwingine, mara nyingi hata zaidi kwa sababu mwili umezoea. Kitu cha kuepuka ni dawa za maumivu ziitwazo pentazosini na nalibufini. Hizo zinaisukuma methadoni nje ya mahali ilipojishika, na mama anaingia arosto papo hapo mbele yako.

Kwa mtoto: akizaliwa hapumui vizuri na mama anatumia heroini au methadoni, usikimbilie naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini. Inaweza kumtia mtoto degedege. Msaidie kwa mfuko wa hewa kama mtoto yeyote.

Muda wa kumwangalia ndio unaotuponyoka. Arosto ya heroini mara nyingi huanza ndani ya saa 24, ya methadoni huweza kuchelewa siku mbili, tatu, hata zaidi. Sisi tunaruhusu mama baada ya saa 24 kwa sababu vitanda havitoshi. Mtoto wa mama aliye kwenye methadoni anatakiwa kuangaliwa siku nne hadi saba.

Sasa kuhusu tiba. Tangu miaka ya 1970 duniani kote wanatumia orodha ya alama aliyoitengeneza daktari Loretta Finnegan wa Philadelphia, Marekani: unahesabu mitetemo, chafya, jasho, kilio, kila baada ya saa chache, alama zikizidi unaanza mofini, dawa ya jamii moja na heroini. Ilisaidia sana, ila ilifanya watoto wengi waamshwe wahesabiwe, halafu wapewe dawa. Daktari Matthew Grossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakauliza maswali matatu tu: Ananyonya vya kutosha? Analala walau saa moja? Akilia, anatulia ndani ya dakika kumi? Kama ndiyo, mwache na mama yake. Kama hapana, kwanza ongeza kumbeba, punguza mwanga na kelele, mnyonyeshe mara kwa mara, kisha ndipo ufikirie dawa. Pale kwao wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka 22.4 hadi 5.9. Baadaye utafiti mkubwa wa hospitali 26 za Marekani, watoto 1,305, uliochapishwa 2023, ulikuta kwa njia hii watoto wanakuwa tayari kuruhusiwa baada ya wastani wa siku 8.2 badala ya 14.9, na waliohitaji dawa walikuwa asilimia 19.5 badala ya 52.

Akihitaji dawa, kwa arosto ya unga au methadoni dawa ya kwanza ni mofini ya kunywa. Wengi wetu tunakimbilia fenobabitoni, dawa ya degedege, kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, ila hiyo inafaa zaidi kama mama alikuwa anatumia pombe au vidonge vya usingizi. Mofini ya maji nchini ipo, Ocean Road wanawapa wagonjwa wa saratani. Lakini ile ni ya watu wazima. Mfamasia lazima aizimue maalumu kwa kichanga na chupa iandikwe kwa herufi kubwa, maana kosa la nukta moja hapo linaua.

#8 Mleta uzi

Daktari, umenimalizia kazi. Na niseme kitu ambacho watu hawakioni: njia hiyo ya Yale haihitaji mashine. Wodi za kangaruu, ambako mama humbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, tunazo. Muhimbili yenyewe ilikuwa mojawapo ya hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofanya utafiti uliochapishwa 2021 wa watoto wenye uzito chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, wakahudumiwa wodi moja na mama zao, vifo vilikuwa asilimia 12. Kwa waliosubiri kwanza watulie, vilikuwa 15.7. Wale walikuwa njiti, siyo watoto wa arosto. Lakini wodi inayoweza kumlaza mama na njiti wake kitanda kimoja haina sababu ya kushindwa kumlaza mama wa methadoni na mwanawe. Viti, khanga na wakunga wanaojua kumfunga mtoto kifuani tunao tayari.

Dada wa Unguja, maneno yako kuhusu mtoto kuwa ubavuni nimeyasoma mara mbili. Mwenyezi Mungu akukuzie.

#9

Swali la haraka: huyo mama anaruhusiwa kunyonyesha? Shemeji yangu yuko kwenye methadoni, ana miezi minane, na mama mkwe ameshanunua kopo la maziwa kwa sababu kaambiwa maziwa yake "yana dawa".

#10 Mleta uzi

Anyonyeshe. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, kwa kawaida haifiki asilimia 3 ya dozi ya mama ukilinganisha kwa uzito, na watoto wanaonyonya mara nyingi hupata arosto nyepesi. Kama ana VVU na anameza ARV vizuri, ananyonyesha kama mama wengine wenye VVU kwa maelekezo ya kliniki. Anayetakiwa kusimama na kuzungumza na daktari kwanza ni yule ambaye bado anatumia unga mtaani au anakunywa pombe sana.

Kuacha kunyonyesha kuwe kwa taratibu, siyo kukatiza ghafla. Na mama mkwe aende naye kliniki, amsikie daktari mwenyewe. Mwambie pia shemeji aombe kliniki ya methadoni imwandikie barua yenye jina la kliniki, dozi na tarehe ya mwisho aliyokunywa, aibane ndani ya kadi ya wajawazito, na aende dirishani kuuliza: nikilazwa, nani ataniletea dozi wodini?

Maana hapo ndipo mimi nimekwama, na ndiyo sababu ya pili ya kufungua uzi huu. Tumekubaliana na viongozi wa wodi yetu kuandika utaratibu wa ukurasa mmoja: swali la faragha mapokezi, simu kwa kliniki ya methadoni ndani ya saa ya kwanza, dawa za maumivu, siku tano za kumwangalia mtoto akiwa na mama, ustawi wa jamii kuitwa mapema, na tarehe ya kurudi ya wote wawili siku moja mahali pamoja. Siku za kazi dozi inaweza kuletwa na nesi wa kliniki kwenye chupa iliyofungwa, mama anakunywa mbele yake, wote wanasaini. Jumapili na sikukuu wafanyakazi wa dirishani ni wachache na hawawezi kuondoka.

Wenye kliniki hizo humu, hasa Temeke, Mbeya na Mwanza, na wenzetu wa Malindi: mama akijifungua Jumamosi usiku, dozi ya Jumapili mnamfikishiaje? Nani anasaini, na inahifadhiwa kabati gani?